Deni la majeruhi: kisa cha Chancy Chitete

Koplo Ali Khamis Omary wa JWTZ, jeshi la Tanzania, alikuwa chini, ameumia vibaya, hawezi kujisogeza, na risasi bado zinapita. Ilikuwa katikati ya Novemba 2018, upande wa Kididiwe, karibu na mji wa Beni, mashariki mwa Kongo. Askari wa Malawi na wa Tanzania walikuwa wameingia porini kuwafurusha waasi wa ADF kwenye ngome yao. Praiveti Chancy Chitete wa jeshi la Malawi akamwona. Akamfuata, akamburuta hadi mahali palipokuwa na usalama kidogo, akaanza kumpa huduma ya kwanza. Mikono yake ikiwa kwenye jeraha la mwenzake, na yeye akapigwa risasi. Omary alirudi nyumbani kwake Tanzania. Chitete alirudi Malawi kwenye jeneza.

Katika operesheni hiyo Umoja wa Mataifa ulipoteza walinda amani wasiopungua saba, wengi wao wa Malawi na mmoja wa Tanzania, bila kuhesabu askari wa serikali ya Kongo waliokufa pamoja nao. Tarehe 24 Mei 2019, kwenye makao makuu ya Umoja wa Mataifa jijini New York, mjane wa Chitete alikabidhiwa Nishani ya Kepteni Mbaye Diagne, inayotolewa kwa ujasiri wa kupita kiasi. Magazeti yaliandika, sisi tukasoma, tukasikitika, tukaendelea na mambo yetu.

Nimekirudia kisa hiki mara nyingi, na kila mara kinachonikera ni jinsi tunavyokisimulia. Tunakisimulia kama vile kilianza Chitete alipoinuka na kuisha alipoanguka. Tunamsifu, tunamwombea, na sifa zikishatolewa ni kama faili limefungwa. Mimi naona faili ndipo linapofunguka. Mtu akimvuta majeruhi chini ya risasi, ametembea sehemu ya kwanza ya safari ndefu: kutoka pale mwenzake alipoangukia hadi nyuma ya gogo au kichuguu. Mita hamsini, pengine chini ya hapo. Baada ya gogo kuna kilomita nyingi hadi kwenye meza ya upasuaji, na kilomita hizo si za praiveti. Ni za makamanda, za mawaziri wa ulinzi, za wale wanaokaa mezani kugawa helikopta.

Tuanze na mita hizo hamsini, maana hata zenyewe hatuzielewi vizuri.

Filamu zimetuzoesha askari anayekurupuka, anakimbia kifua wazi, anamtupa mwenzake begani na kuondoka naye. Mafunzo ya kisasa ya tiba ya vitani yanasema karibu kinyume. Mwenzako akianguka, kwanza jibu risasi. Dawa ya kwanza ya majeruhi ni kumnyamazisha anayempiga, kwa sababu ukimkimbilia bila kufunikwa, badala ya majeruhi mmoja mtakuwa wawili, na wa tatu atakayewafuata nyinyi wawili atakuwa anatembea kwenye mstari uleule ambao adui ameshaupima. Kama majeruhi anaweza kutambaa, anaambiwa atambae. Kama anaweza kujifunga mwenyewe, anaambiwa ajifunge. Ni pale anapokuwa hawezi lolote, kama alivyokuwa Omary, ndipo mtu inabidi aende. Hata huyo anayekwenda anafundishwa kwamba chini ya risasi kuna mambo mawili tu ya kufanya: kumtoa, na kuzuia damu inayomwagika kwa kasi. Mengine yote yasubiri.

Kwa hiyo anayekwenda anakuwa amepiga hesabu, tena haraka, na anajua hesabu yenyewe si nzuri. Mtu mzima mwenye fulana ya kuzuia risasi, kofia ya chuma, buti, bunduki na risasi zake anaweza kukaribia kilo mia. Humbebi huyo. Unamshika kwenye kishikio cha fulana nyuma ya shingo, unainama, unarudi kinyumenyume ukimkokota, visigino vyake vikichora mifereji miwili kwenye udongo. Katika muda wote huo mgongo wako uko juu na bunduki yako haifanyi kazi.

Damu nayo haina subira. Mshipa mkubwa wa paja ukikatika, mtu anaweza kumalizika ndani ya dakika chache. Nililiona hili barabarani, wala si vitani. Miaka kadhaa iliyopita kijana wa bodaboda aligongwa mbele ya kibanda cha mama lishe, paja likafunguka. Watu walijaa, simu zikatoka mifukoni. Konda mmoja alivua mkanda wa suruali akamfunga, lakini mkanda wa ngozi haubani, damu ikaendelea kutoka kwa mapigo. Mama lishe ndiye aliyesukuma watu. Alikunja kanga yake ikawa kamba, akaifunga juu ya jeraha, akapitisha mwiko kwenye fundo na kuanza kuuzungusha. Kijana alipiga kelele kuliko alipogongwa. Mama hakusita, akazungusha mpaka damu ikakata, kisha akakaa pale kwenye lami ameushikilia mwiko kwa mikono miwili, ugali wake ukiungulia jikoni.

Askari wa siku hizi anabeba kitu hichohicho kilichotengenezwa kiwandani: mkanda imara wenye kijiti chake, unaofungwa juu ya jeraha upande wa moyoni, unazungushwa hadi damu isimame, kisha unaandikwa saa uliyoufunga ili daktari ajue. Ni kifaa kidogo, kinaenea mfukoni. Anayekifunga mchana juani darasani anaweza kuchukua nusu dakika. Anayekifunga akiwa amelala kifudifudi kwenye matope, vidole vinateleza kwa damu, hana uhakika kama jeraha ni moja au ni matatu, huyo ni mwanafunzi wa darasa lingine kabisa. Chitete alikuwa katika kazi ya namna hiyo alipopigwa.

Kuna watu huuliza, tena kwa nia njema, kwani hakuweza kusubiri kidogo? Swali hilo linaulizika ukiwa umekaa kwenye kiti. Siwezi kumhukumu, wala sidhani kama aliyekaa kwenye kiti anastahili kujibiwa. Ninachoweza kusema ni kwamba majeshi yote makini hujenga imani moja ndani ya askari wake: ukianguka, utafuatwa. Askari mwenye imani hiyo anasogea mbele. Asiye nayo anajificha, na aliyejificha hakomboi kijiji cha mtu. Imani hiyo haijengwi kwa hotuba za kuagana kabla ya kupanda ndege. Inajengwa siku mtu anapofuatwa kweli, na wengine wakaona. Uzito wa Kididiwe ni kwamba aliyefuatwa alikuwa mtu wa jeshi jingine, wa bendera nyingine, mwenye wimbo mwingine wa taifa. Tanzania na Malawi zina mzozo wao wa mpaka wa Ziwa Nyasa ambao haujaisha hadi leo. Hata jina la ziwa lenyewe hatukubaliani. Pale chini hakuna aliyeuliza ramani.

Sasa twende kwenye zile kilomita.

Majeshi haya mawili, pamoja na la Afrika Kusini, yalikuwa Kongo kwa sababu ya azimio namba 2098 la Baraza la Usalama, la tarehe 28 Machi 2013. Azimio hilo liliunda brigedi ya kujibu mashambulizi, yenye askari 3,069, iliyopewa ruhusa ambayo walinda amani wa kawaida hawana: kuwafuata waasi na kuwapiga. Kamanda wake wa kwanza alikuwa Mtanzania, Brigedia Jenerali James Mwakibolwa. Mwaka huohuo brigedi ikishirikiana na jeshi la Kongo iliwasukuma waasi wa M23 hadi wakakimbia, na sisi tukavimba vichwa kidogo, tuseme ukweli. ADF walikuwa adui wa namna nyingine. Hawakai kilimani wakasubiri mizinga. Wako msituni, wanaujua, wanavizia, na wanaua raia kwa mapanga usiku.

Tarehe 7 Desemba 2017 walivamia kambi ya Watanzania kwenye daraja la Semuliki. Walikufa askari wetu 15 na zaidi ya 40 wakajeruhiwa. Katibu Mkuu António Guterres alisema lilikuwa shambulio baya kuliko yote dhidi ya walinda amani wa Umoja wa Mataifa katika historia ya karibuni. Majeneza yalifika Dar es Salaam yamefunikwa bendera, na wengi wetu tunaikumbuka wiki ile.

Ambacho wengi hatukukisoma ni matokeo ya uchunguzi. Umoja wa Mataifa uliunda jopo chini ya Dmitry Titov, na mwanzoni mwa 2018 ukatangaza muhtasari wake. Uliwataja ADF kuwa ndio washukiwa, kama kila mtu alivyotarajia. Lakini ulisema pia kwamba misheni haikuwa na mpango unaotekelezeka wa kuwaongezea nguvu askari waliozingirwa na kuwatoa. Ulitaja udhaifu katika mafunzo, katika uongozi na amri, na upungufu wa nyenzo za lazima, ndege zikiwamo. Soma tena: hapakuwa na mpango wa kuwatoa. Kwa lugha ya mtaani, waliwekwa darajani na hakuna aliyekuwa ameamua nani atawafuata mambo yakiharibika.

Miezi 11 baadaye, katika wilaya ileile ya Beni, dhidi ya kundi lilelile, Chitete anaburuta majeruhi kwa mikono yake. Sisemi kwamba hakuna kilichobadilika kati ya Semuliki na Kididiwe. Operesheni ya Kididiwe ilipangwa, na Guterres mwenyewe alisema ilifikia lengo la kuwaondoa waasi kwenye ngome. Ninachosema ni kwamba pengo la mpango huzibwa na mwili wa mtu. Mahali ambapo hakuna gari la deraya la kusogea hadi kwa majeruhi, hakuna helikopta inayoruka usiku, hakuna kikosi cha akiba kilichokaa tayari injini zikiunguruma, atatokea praiveti mmoja atakayelipia upungufu huo. Halafu tutampa nishani, na upungufu utabaki pale ulipokuwa.

Umoja wa Mataifa una kipimo chake kinachojulikana kama kumi, moja, mbili: ndani ya dakika 10 tangu kuumia, damu iwe imezuiwa, ndani ya saa 1, majeruhi awe mikononi mwa watu wa tiba ya dharura, ndani ya saa 2, awe kwenye upasuaji kama anauhitaji. Dakika 10 za kwanza ni za mwenzako aliye karibu, na hizo Chitete alizitimiza. Ukitaka kujua kama nchi inawathamini askari wake, usisikilize hotuba ya siku ya mashujaa. Uliza habari za saa 1 na saa 2.

Jibu la karibuni tulilipata Goma. Nchi zilezile tatu, Afrika Kusini, Malawi na Tanzania, zilirudi Kivu Kaskazini kuanzia Desemba 2023, safari hii chini ya SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika. Januari 2025 M23, wakiungwa mkono na Rwanda, waliuteka Goma. Kulikuwa na waliokufa kutoka nchi zote tatu. Uwanja wa ndege ukafungwa, na majeruhi wakabaki kambini katika mji ulio mikononi mwa waliowapiga, wakisubiri kwa wiki kadhaa hadi mwishoni mwa Februari ndipo kundi la kwanza la walioumia vibaya likapitishwa Rwanda kurudi Afrika Kusini. Wiki kadhaa, ilhali kipimo kinasema saa 2. Kuna watu walivutwa na wenzao kutoka kwenye moto siku ile, sina shaka, na majina yao hatuyajui. Walifanya sehemu yao, kisha majeruhi wao wakawekwa kwenye foleni ya mazungumzo ya kisiasa.

Jina la nishani yenyewe linastahili mistari michache. Mbaye Diagne alikuwa kepteni wa Senegal, mwangalizi wa kijeshi asiye na silaha mjini Kigali wakati wa mauaji ya kimbari ya 1994. Aliwapakia Watutsi kwenye gari lake wachache wachache, akiwapitisha kwenye vizuizi vya wauaji kwa utani, sigara na ujasiri mtupu, na waliookolewa naye wanahesabiwa kwa mamia. Tarehe 31 Mei 1994 kombora lilianguka nyuma ya gari lake kwenye kizuizi, akafa. Ilichukua miaka 20 Baraza la Usalama kuunda nishani kwa jina lake, Mei 2014, na miaka mingine miwili kuikabidhi kwa familia yake. Baada ya Chitete, mwaka 2022 alipewa Kepteni Abdelrazakh Hamit Bahar wa Chad, aliyeuawa Aguelhok, Mali, Aprili 2021. Diagne, Chitete, Bahar: wote watatu wamezikwa. Heshima yao ni halali, sina neno. Lakini inanifanya nijiulize habari za yule aliyemvuta mwenzake akabahatika asipigwe, akarudi uraiani, na leo analinda geti la benki usiku. Au tunapenda mashujaa wasioweza kudai pensheni?

Hili la nani anahesabiwa halikuanza na Umoja wa Mataifa. Karibu na Maktau, katika nchi ya Wataita, Kenya, wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, tarehe 3 Septemba 1915, Luteni Wilbur Dartnell, mzaliwa wa Australia aliyekuwa jeshi la Uingereza, alipigwa mguuni katika shambulio la Wajerumani. Walikuwa wanambeba kumwondoa. Alipoona kwamba majeruhi walioumia zaidi hawawezi kuchukuliwa, na akiamini adui atawaua, aliagiza aachwe naye ili ajaribu kuwaokoa. Akafa nao. Alipewa Msalaba wa Viktoria, nishani kubwa kuliko zote za Uingereza, na kaburi lake liko Voi.

Alistahili. Ila katika vita hiyohiyo Waafrika kwa makumi ya maelfu walikufa katika kazi ya kubeba: risasi, unga, mizinga iliyofunguliwa vipandevipande, na machela za majeruhi kupitia tope na mbung'o. Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps, ulimi wetu ukakigeuza kuwa Kariakoo, na mahali walipopiga kambi Dar es Salaam baada ya Waingereza kuuteka mji mwaka 1916 ndipo leo tunanunua vitenge na simu za mkopo. Nairobi ina Kariokor yake. Ni wangapi kati ya wapagazi hao walirudi chini ya risasi kumchukua mtu kwenye machela? Hakuna aliyeandika. Sanamu la ukumbusho la Nairobi angalau linamwonyesha mpagazi amesimama pamoja na askari. Lile la Dar es Salaam, la mwaka 1927, lina askari peke yake na bunduki yake yenye singe. Abebaye majeruhi hayupo.

Kuna jambo la mwisho linalouma, na ni la Beni yenyewe. Mwaka 2018 Beni ilikuwa na Ebola juu ya vita. Mlipuko ulitangazwa Agosti mosi mwaka huo na hadi ulipokwisha Juni 2020 ulikuwa umeua watu zaidi ya 2,200. Kila ADF waliposhambulia, timu za chanjo na za kufuatilia wagonjwa zilisimama, ugonjwa ukapata nafasi. Operesheni iliyomuua Chitete ilikuwa pia ya kuwafungulia njia wahudumu hao. Mwaka mmoja baadaye, Novemba 2019, wakazi wa Beni waliochoshwa na mauaji waliandamana wakavamia kambi ya MONUSCO, misheni ya Umoja wa Mataifa nchini Kongo, na kuchoma moto. Hasira yao ilikuwa na msingi: watu walikuwa wanachinjwa karibu na kambi zenye magari ya deraya. Mtu anaweza kulisema hilo na bado akavua kofia kwa Chitete. Kushindwa kwa misheni hakufuti alichofanya kwa Omary, na alichofanya kwa Omary hakiitakasi misheni.

Wazee walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Methali hii huwa tunaitumia kumtania mwoga. Iangalie upande wa nyumba ya pili, ile yenye kilio: mjane aliyesafiri hadi New York kupokea nishani, na nyumba nyingine za Malawi na ile ya Tanzania ambazo hazikuitwa.

Serikali zetu zitatuma tena askari mahali fulani. Hilo halina mjadala, ndiyo desturi ya ukanda huu na pengine ni wajibu. Wabunge wa Dodoma, Lilongwe na Cape Town wataelezwa idadi ya vikosi, gharama na muda wa misheni. Ningependa mmoja wao ainuke, aombe mwongozo, aulize: helikopta ngapi za kubeba majeruhi zinaruka usiku, ziko umbali gani kutoka kambi ya mbele kabisa, nani ana mamlaka ya kuziamuru ziruke, na uwanja wa ndege ukifungwa majeruhi watapita wapi. Akijibiwa kwamba hayo ni mambo ya usalama wa taifa hayawezi kusemwa hadharani, akubali, aombe kikao cha kamati kwa faragha, milango ifungwe, na aulize tena.